Kabla ya Kukata Paini, Tazama Chini Yake

Wakulima wenzangu wa skimu,

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, mimi hufungua ukurasa mpya katika daftari la miti. Ukurasa huo una safu nne: jina la mkulima, namba ya shamba, aina ya miche, na idadi ya miche iliyopandwa. Mistari naichora mwenyewe kwa rula, na mwandiko wangu hausumbui mtu kuusoma, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla sijawa karani. Lakini daftari hilo lina kasoro, na kasoro yenyewe nimeitia mimi. Hamna safu ya kuandika mti uliojiotea.

Huenda mtu akacheka akisema, karani huyu hana kazi. Mti usiopandwa na mtu una habari gani? Nawaomba mnisikilize kidogo, hasa ninyi wa Lugari, Chekalini, Lumakanda na Likuyani mlio na vipande vya paini na saipresi vilivyokomaa. Najua wanunuzi wa mbao wanapita kwenu. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, walijifunza njia za kuja mashambani mwetu, na hata katazo lilipoondolewa Julai 2023 hawakuzisahau. Kabla hujapokea pesa ya mnunuzi, kuna jambo moja la kufanya ambalo halina gharama: ingia chini ya paini zako, piga magoti, utazame kinachoota pale.

Mimi sikufanya hivyo, na nitawaeleza yaliyonipata.

Babu yangu alipata shamba lake katika miaka ya 1960, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwa vipande na kugawiwa wananchi. Upande wa chini, karibu na kijito, baba alipanda paini nusu ekari. Zilipokomaa aliniachia mimi kazi ya kuziuza, akisema kwamba mtu wa ofisi hawezi kupunjwa bei. Mwaka 2018 niliziuza zote kwa mtu mmoja, na vijana wake wakaja na msumeno wa injini. Siku ya pili mkubwa wao aliniuliza, "Mwalimu, hivi vichaka vya chini tuvifanyeje?" Vilikuwa vijiti vya urefu wa goti hadi kiuno, na vingine vilinipita mimi. Nikajibu kwa haraka, "Fyekeni vyote, pawe safi." Wakafyeka, nasi tukachoma matawi na majani yote yaliyobaki. Pakawa safi kama uwanja wa shule.

Usafi huo haukudumu. Mvua ya kwanza ilileta sangari, ya pili ikaleta lantana. Aprili 2019 nilipanda miche 400 niliyoinunua kitaluni: saipresi, grevilea, na mikomari michache. Mashimo niliyachimba vizuri na samadi nikatia. Lakini jua lilikuwa kali juu ya ardhi iliyo wazi, sangari ikanyonya maji, na mbuzi wa jirani wakachukua sehemu yao. Baada ya kiangazi cha pili nilihesabu miche iliyo hai, nikapata 61. Katika daftari, shamba la baba yangu liliendelea kuwa na miche 400.

Ng'ambo ya kijito kuna mama mzee ambaye sisi sote humwita Kukhu. Yeye naye alikuwa na paini za umri ule ule, udongo ule ule, mvua ile ile. Tofauti ni kwamba Kukhu hahitaji pesa nyingi kwa mara moja. Kila muhula wa shule unapofunguliwa huuza mti mmoja au miwili kwa ajili ya karo ya wajukuu, na mti ukianguka huacha tundu la mwanga mahali hapo tu. Leo chini ya paini zake zilizobaki kuna misutsu inayolingana na paa la nyumba, kuna mikomari, kuna lusiola zilizonyooka ambazo mafundi wameanza kuziulizia. Nilipomwuliza alipanda lini, alinitazama kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu, mimi sikupanda kitu. Nilifunga mbuzi tu."

Maneno hayo yalinisumbua, kwa sababu miche ile ile ilikuwa chini ya paini za baba, nami nililipa vijana waifyeke. Wazee huiita maotea, mimea inayojiotea bila kupandwa. Nimeyafuatilia maotea tangu siku hiyo, katika vitabu na kwa macho, na nimeona ya kwamba mambo yanayoamua kama yataishi au yatakufa ni machache: mbegu ifike, mwanga uwe wa kiasi, na ardhi isiwe imefunikwa na kitu kibaya. La mbegu nitalitaja baadaye. La mwanga ndilo linalotuponza.

Wale waliolima katika misitu ya serikali kwa mtindo wa shamba, ambao baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ulirudi kwa jina la PELIS, wanalijua somo hili bila kufundishwa na mimi. Mkulima hupewa kipande kilichokatwa miti, hulima mahindi na maharage, na miche ya paini hupandwa katikati. Ikipandwa mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja huchukua miche 1,600. Mwaka wa kwanza mahindi hustawi. Mwaka wa pili hustawi kiasi. Kufika mwaka wa tatu au wa nne mahindi huwa membamba na ya manjano, na mkulima huhama. Watu husema udongo umechoka. Kwa sehemu kubwa kilichokwisha ni mwanga, pamoja na maji yanayonywewa na mizizi ya miti. Jani hupika chakula cha mmea kwa nguvu ya jua, na jiko lisilo na moto halipiki.

Basi kivuli kile kile kinachofukuza mahindi hufukuza na sangari. Hapo ndipo penye faida. Sangari, kikuyu, na nyasi nyingi za malisho ni mimea ya jua. Zikikaa gizani miaka kadhaa hudhoofika na kufa. Na nyasi ndizo adui mkubwa wa mche mdogo wa mti. Zina mizizi mingi karibu na uso wa ardhi, hunywa mvua kabla haijaufikia mche, huusonga kwa majani, na wakati wa kiangazi hukauka zikingoja kiberiti. Kwa hiyo paini zilizosimama miaka kumi na mitano zimekufanyia palizi ambayo usingeweza kuwalipa vibarua. Ukizikata zote siku moja unafungua mlango, na atakayeingia kwanza ni nyasi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Lakini kivuli kikizidi nacho ni kibaya. Chini ya paini zilizosongamana ambazo hazikupunguzwa kamwe, mbegu huota, miche huinuka kidole kimoja, kisha husimama hapo hapo ikisubiri mwanga, na mingi hufa ikisubiri. Mkulima huona ardhi tupu akadhani hakuna kitu kinachoweza kuota chini ya paini. Nimesikia hayo mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma.

Viko vyombo vya kupima mwanga, lakini sisi hatuna. Mimi natumia macho. Saa sita ya mchana, siku ya jua, simama katikati ya paini utazame chini. Kama ni kivuli kitupu, punguza miti michache, ukianza na ile iliyopinda na ile myembamba. Kama unaona madoa ya jua yanatembea ardhini kama sarafu zilizomwagwa, acha palivyo. Na kama jua ni jingi kuliko kivuli, usikate tena mpaka miche ya chini ipite kifua cha mtu, maana sangari iko mlangoni.

Tena miti haifanani katika jambo hili. Musutsu ni mtoto wa jua. Hutokea mahali palipofunguliwa na hukua upesi. Mutere pia hauendi mbali mpaka juu yake pafunguke. Mwiritsa hupenda ukingo wa msitu na mahali penye mwanga wa kutosha, na kivuli kizito huumaliza. Mutukhuyu, ule ambao wafanyabiashara wa mbao huuita Elgon teak, ni mvumilivu sana: mche wake unaweza kukaa chini ya miti mikubwa muda mrefu ukiwa mdogo, ukingoja mmoja wa wakubwa aanguke. Kwa hiyo mtu anayefungua mwanga ndiye anayechagua ni miti gani itakua, hata kama hajui ya kwamba anachagua.

Watu wa Amani, katika milima ya Usambara ya Tanzania, walilijua hilo kwa gharama. Mutere si mti wa asili wa milima ile. Uliletwa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu ulipokatwa kwa ajili ya mbao na mwanga ukaingia, mutere ulienea katika matundu yale, mbegu zake zikibebwa na hondohondo wanaolipenda tunda lake, ukawa kero kwa walinzi wa msitu. Kwetu Kakamega mti huo huo ni mwenyeji na hatuna ugomvi nao. Nautaja ili mwone nguvu ya tundu moja la mwanga.

Sasa niseme juu ya majani yaliyolala chini, maana hapa napo watu wengi huharibu.

Majani ya paini ni kama sindano, nayo hayaozi upesi. Huanguka yakalala juu ya yaliyotangulia, mpaka ukiingiza kidole huufikii udongo. Wengine huyakwangua yote, wengine huyachoma. Nimeulizwa mara nyingi: mbona paini haizai watoto chini yake yenyewe, ingawa humwaga mbegu? Sababu ni godoro hilo pamoja na kivuli. Mbegu ya paini ni ndogo, ina bawa la kupeperukia, na akiba yake ya chakula ni kidogo sana. Ikiangukia juu ya sindano huota mvua ikinyesha, lakini kimzizi chake hukauka kabla hakijagusa udongo. Tazameni kingo za barabara zilizochongwa na greda karibu na paini, au mahali palipoungua moto. Hapo ndipo vijipaini hupenda kutokea, kwa sababu udongo ni mtupu na jua ni tele. Paini yetu ya kawaida, patula, asili yake ni milima ya Mexico, na matunda yake makavu mengi hukaa mtini yamefumba mpaka joto au moto uyafumbue. Ni mti uliozoea kuzaliwa baada ya maafa.

Watu wa Finland na Sweden, ambao wana paini ya aina nyingine na misitu mikubwa kweli kweli, wanaijua tabia hii. Mahali wanapotaka paini ijipande yenyewe, wakati wa kuvuna huacha miti mama kama 50 hadi 150 kwa kila hekta isimame imwage mbegu, kisha hupitisha mashine ya kuparua ardhi mpaka udongo uonekane. Wanaacha mwanga na wanaondoa kifuniko, mambo mawili kwa pamoja. Sisi katika misitu yetu ya serikali kwa kawaida hatungoji. Paini hupandwa kwa miche ya kitalu.

Mbegu kubwa ni habari nyingine. Kokwa ya mwiritsa au ya mutukhuyu ikiangushwa na ndege au kima ina akiba ya kutosha kusukuma mzizi upite sindano uingie udongoni, na lile godoro linalomwua mtoto wa paini huweka unyevu kwa ajili yake. Kwa hiyo msichome. Ukitaka kusaidia mbegu ndogo, kwangua kwa jembe vipande vidogo tu, upana wa mkono mmoja, hapa na pale, palipo na doa la jua. Ni kazi ya asubuhi moja. Godoro lililobaki liacheni lilinde ardhi, hasa kwenye mteremko, maana mvua yetu ikipiga udongo mtupu juu ya kijito mnajua rangi ya maji yatakavyokuwa.

Siyasemi haya kwa ajili ya Kukhu peke yake. Kusini kwetu uko msitu wa Kakamega, ambao serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1933. Sehemu zake kadhaa zilizokatwa zilipandwa miti ya kigeni: paini, saipresi, na mti wa Asia uitwao Bischofia. Wachunguzi waliingia katika sehemu hizo wakahesabu miche midogo, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha ya kwamba miche ya miti ya kienyeji huota humo kwa wingi. Mwaka uliotangulia, 2008, ilichapishwa habari nyingine iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa ilihusu mashamba ya wakulima kama sisi, nje ya msitu. Habari hiyo ilikuwa juu ya mipera. Ndege huja kula mapera, hutua, huacha kinyesi chenye mbegu walizozimeza msituni, na chini ya mpera, ambapo kivuli kimezipunguza nyasi, miti ya msitu huanza kuota. Mpera mmoja katikati ya malisho huwa kama kitalu kisicho na mwenyewe.

Nilikwenda kujionea. Upande wa kaskazini wa msitu, Buyangu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na ng'ombe hawaruhusiwi kulishwa humo. Nilipotembea pale niliona uwanja wa nyasi unaingiliwa na mipera na vichaka kutoka ukingoni, na ndani ya vichaka miti midogo ya msitu imejificha. Upande mwingine, mahali ng'ombe wanapopita kila siku, nyasi ni fupi kama mkeka, na msitu umesimama pale pale ulipokuwa. Mwanga ulikuwa huo huo na mvua hiyo hiyo. Nikakumbuka mbuzi wa Kukhu.

Bwana mmoja aliniambia kwa hasira kidogo, "Karani, wewe unataka turudi porini. Mpera ni gugu tu." Neno lake lina ukweli, wala sitalificha. Mpera ulitoka Amerika, huenea wenyewe, na ukiachwa ukafunga kichaka kizima, kivuli chake huzuia hata ile miche iliyoota chini yake. Sisemi mpande mipera. Nasema ile iliyopo kando ya kijito au katika pembe ya malisho msiing'oe kabla ya kutazama chini yake. Mti wa kienyeji ukishapita kimo cha mpera, kata matawi ya mpera yanayouzuia, na mwisho kata mpera wenyewe. Kuni zake ni nzuri. Lantana sina neno la kuitetea. Ing'oeni.

La pili ni mbegu, na hapa lazima niseme kweli ili msije mkanilaumu. Sisi wa Lugari na Likuyani hatuko kando ya msitu wa Kakamega. Hondohondo hatatuletea kokwa za mutukhuyu kutoka kule. Kinachojiotea kwetu ni watoto wa miti mama iliyo karibu: misutsu, mikomari, lusiola, mikuyu ya kando ya Kipkaren na vijito vyake. Kama jirani hana mti mama hata mmoja, utangoja bure, na hapo hapana budi kupanda. Mwiritsa hasa tusiungoje. Tena mbegu yake haikai. Ikikauka kabisa hufa, wala hairuhusu kuwekwa ghalani kama mahindi. Mwenye mti wa mwiritsa unaozaa atazame chini yake mvua zikianza, achukue maotea yakiwa na majani manne au sita, pamoja na udongo wake, ayatie katika mifuko ya plastiki kivulini. Ayachukue shambani mwake au kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kwenda kuyang'oa msituni bila kibali ni kosa.

La tatu ni pesa. Sisemi paini zisiuzwe. Baba yangu alizipanda ili ziuzwe. Nasema ziuzwe kwa mafungu matatu au manne, kwa miaka kadhaa. Najua mnunuzi atasema lori halijazwi na miti kumi. Basi majirani watatu wauze pamoja siku moja, kila mmoja miti yake kumi. Mwambieni mwenye msumeno aangushe mti upande usio na miche, na magogo yavutwe kwa njia moja tu, si kila mtu kwa njia yake. Kama miche ya chini ni mizuri, wekeni kijiti chenye kitambaa karibu nayo kabla vijana hawajafika. Vijana hao si wabaya. Wanafyeka kwa sababu wanaambiwa wafyeke. Jihadharini na upepo pia. Paini zilizokua zimebanana zina shina refu jembamba, na ukiziondolea wenzake wengi kwa ghafla, dhoruba ya kwanza itakuuzia miti ambayo hukutaka kuiuza.

Kuhusu mikaratusi karibu na maji nitanyamaza leo, maana hiyo ni barua nyingine na najua nitapata maadui.

Turudi kwenye daftari. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifanye kazi kufikia miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mkulima awe na kiasi hicho shambani mwake. Kwa mwenye ekari 5 ni nusu ekari. Desemba 2022 serikali ilitangaza kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa nzima ya kupanda miti. Siku hizo niliandika namba mpaka vidole vikaniuma. Sikatai kampeni hizo, maana zimewafanya hata watoto wajue kushika mche. Lakini nimekuwa mtu wa namba kwa muda, na najua ya kwamba namba iliyoandikwa siku ya kupanda huhesabu mashimo. Mkulima aliyepanda miche 400 ikafa 339 yumo katika daftari kama mkulima hodari. Mkulima aliyefunga mbuzi, akapunguza kivuli pole pole, akapata miti hai 200 bila kununua hata mmoja, hayumo. Na mtu asiyehesabiwa huanza kujiona mvivu. Nimemsikia jirani akimwambia Kukhu kwamba shamba lake la chini ni chafu.

Kwa sababu hiyo mwaka huu nimechora safu mbili zaidi. Ya tano ni maotea yaliyohifadhiwa, na ya sita ni miti iliyo hai baada ya kiangazi, iwe ilipandwa au ilijiotea. Hakuna aliyeniamuru, wala sijakatazwa. Siku za soko nipo mezani tangu saa mbili asubuhi. Mkija mniletee hesabu ya maotea yaliyopita goti, ya miti tu, bila lantana. Asiyejua jina la mti alete jani moja, tutalitafuta pamoja. Kama chini ya paini zako hukuta kitu, njoo useme hivyo pia, na useme kivuli kikoje na mbuzi hulala wapi.

Mstari wa kwanza katika safu ya tano ni wa Kukhu. Alikataa kuhesabu mwenyewe, akasema miti ni kama wajukuu, haihesabiwi kwa sauti. Kwa hiyo nilikwenda nikahesabu mimi kimya kimya, nikapata 87 katika kipande chake kidogo, nikaandika. Mstari wa pili ni wa shamba la baba yangu. Nimeikata ile 400 kwa wino mwekundu, nikaandika 61.